Injini Niliyoisaini

Endabash, Karatu
14 Januari 2024

Kwako mdogo wangu Eliapenda,

Bwana Yesu asifiwe. Huku tumeamka, na Mama kaamka kabla yetu sote, ameshagombana na kuku na jirani. Nakusalimu wewe, wifi Evelyn na watoto. Mvua za vuli zilituacha njiani, mahindi yalifika kiunoni yakanyauka, ila maharage ya ngwara tunayo na mbaazi zimesimama. Hatutalala njaa.

Krismasi ulinitumia ujumbe wa simu, nikausoma kwa miwani ya Mama. Mdogo wangu, achana na simu. Unajua masikio yangu yameliwa na mashine ya kusaga, ukipiga nasikia mbu tu. Na ujumbe wa simu anausoma kila anayeazima simu yangu kama tochi. Mambo ya nyumbani yaandike kwenye karatasi kama alivyotufundisha Baba, umpe kondakta wa basi aiache dukani pale stendi ya Karatu. Nikienda mnadani nitaichukua.

Sasa nikuambie linaloninyima usingizi. Injini ya mashine imekufa, na safari hii haifufuki. Tangu shemeji yako afariki ndiyo iliyotusomeshea watoto. Umeme umefika hapa senta lakini ni wa laini moja, hauzungushi kinu. Wanawake wanapakia mahindi kwenye punda kabla hakujapambazuka, wanarudi jioni. Na Mama, ambaye kiti chake kilikuwa ndani ya mashine pale pembeni ya mlango, bado anakwenda kila siku kukaa mbele ya mlango uliofungwa. Anasalimia barabara. Nikimwona naumia.

Redio ilisema kivuko chenu, hicho unachofanyia ufundi huko ziwani, kitafungwa injini mpya. Za zamani zinakwenda wapi? Ile ndogo inayoendesha taa na lango umenisifia miaka yote, ukasema unaijua kuliko unavyomjua mkeo. Nauliza tu.

Dada yako,
Elieshi

*

Mwanza
20 Februari 2024

Dada Elieshi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Mama. Barua yako ilikaa siku nyingi kwenye buti la basi, bahasha ikanukia dagaa. Sisi ni wazima. Mtoto mkubwa ameingia kidato cha kwanza na viatu vimeshambana. Pole sana kwa injini. Pole zaidi kwa Mama na mlango wake.

Ni kweli, zote tatu zinatoka, mbili kubwa za kusukuma kivuko na ile ndogo. Walikuja wapimaji wawili wa hewa na kifaa kama redio ndogo, wakakiweka kwenye benchi la nyuma wanapokaa akina mama wenye watoto, kule moshi unakoshukia upepo ukigeuka. Walikiacha wiki nzima. Kisha wakatuita wafanyakazi wote wakatusomea. Nisikuchoshe kwa namba. Walisema abiria wa benchi lile anavuta hewa ambayo binadamu hatakiwi kuivuta. Nikauliza, na sisi tunaokaa chini na injini zenyewe? Yule mkubwa aliandika kitu kwenye daftari.

Injini mpya zinachoma mafuta vizuri na ekzosi zake zina chujio. Kuna kozi ya kuzisomea. Mimi kwa sasa nimewekwa getini, nakagua tiketi, ni kwa muda tu. Napata upepo wa ziwa bure. Nina kikohozi kidogo cha baridi, kitapita.

Hizo za zamani zitauzwa au zitakatwa vyuma chakavu, mimi sihusiki. Tafuta injini Arusha, maduka ni mengi.

Ndimi mdogo wako,
Eliapenda

*

Endabash
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Salamu za Kwaresima. Mama anasema amepokea shikamoo yako, ila anataka uilete kwa miguu yako. Masika yameanza, barabara ya kutoka Karatu imekuwa uji, na mimi barua yako nimeisomea kwenye trekta la watu.

Getini? Wewe? Mtu uliyekuwa unakula wali wako chini kwenye injini, miaka kumi na tisa, ukisema juu kuna kelele za abiria? Umenijazia kurasa mbili za viatu na wapimaji, na swali langu umelijibu mstari mmoja tena kwa ukali. Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni. Nakujua ukiwa unakwepa.

Mama anauliza kikohozi cha baridi hukaa siku ngapi. Nikamwambia wiki. Akasema basi huyo ameshapona, mwambie aandike kwamba amepona. Andika.

Mimi nami nina jambo langu silisemi. Ni jambo jema. Utaliona mwenyewe ukija Desemba, na utaniomba radhi kwa ule mstari mmoja.

Elieshi

*

Mwanza
2 Mei 2024

Dada,

Amani iwe kwenu. Mwambie Mama nimepona. Evelyn anawasalimu, anafuma kitambaa cha kiti cha Mama, rangi amechagua mwenyewe, msije mkacheka.

Kivuko kiko nchi kavu, kimepasuliwa tumbo. Injini kubwa mbili zimekatwa. Ile ndogo imenunuliwa. Alikuja dalali wa Arusha anaitwa Clemensi, mtu wa maneno matamu, akasema mteja wake hachukui mzigo bila karatasi ya fundi aliyeitunza. Wakubwa wakaniita kutoka getini.

Nikuambie tulichofanya, ucheke. Tuliiwasha alfajiri kabla dalali hajaamka, tukaiacha inguruke bure, haivuti kitu, mpaka ikapata moto. Nozeli zinazonyunyizia mafuta nilikuwa nimezisafisha jana yake. Injini yoyote iliyochoka ukiipasha hivyo, bila mzigo, inatoa moshi mwembamba. Ukiifunga mzigo ndipo inasema ukweli. Kila fundi anajua. Clemensi alipofika akaweka leso nyeupe kwenye ekzosi, akaiangalia, akatabasamu. Nikasaini kwamba ni nzima na inafaa kwa kazi.

Tangu siku ile sijisikii vizuri, sijui kwa nini. Sikuuliza inakokwenda. Pengine inakwenda shambani kuvuta maji, itakaa uwanjani yenyewe na upepo wake.

Kozi ya injini mpya wamekwenda wenzangu wawili. Mimi labda awamu nyingine.

Eliapenda

*

Endabash
8 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Leo nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mtu, na mkono wangu unatetemeka kwa sababu ukuta unatetemeka. Mashine inasaga. Ina wiki tatu sasa. Barua yako ya Mei niliichukua jana mnadani na bado iko kwenye kanga, nimeona nikupe kwanza habari yangu, nitaifungua usiku nikitulia.

Foleni inafika barabarani. Wanawake waliokuwa wanakwenda mbali wote wamerudi, wengine nilishasahau majina. Injini tumeipata, usiniulize wapi. Mtu wa ziwani hawezi kujua kila kitu cha bara. Moloimet, yule kijana anayechomelea mageti hapa senta, ameifungia pipa la maji la kuipoza na ekzosi ameitolea dirishani.

Mama amerudi kwenye kiti chake. Anapokea debe, anauliza habari za watoto wa kila mtu, hata chakula cha mchana napeleka pale pale. Baridi imeingia, ukungu hautoki mpaka saa tano, kwa hiyo mlango tunaurudishia. Moshi upo, sikatai, upepo ukigeuka unarudi ndani, na ikianza kusaga inatoa mweusi. Lakini mashine gani haina moshi?

Mama amepata kikohozi. Nikamwambia mmeambiana na mwanao. Amefurahi kulinganishwa na wewe, mzee yule.

Elieshi

*

Mwanza
27 Juni 2024

Dada,

Leo hakuna salamu ndefu, nisamehe. Sisi ni wazima.

Niliposoma kwamba Mama ana kikohozi niliacha geti nikapiga simu yako. Najua husikii, nilitaka mtu yeyote apokee. Akapokea mwanamke, mteja wako, akasema mama mwenye mashine ana kazi, sema mimi nitamwambia. Nikakata simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia injini.

Silinda ya tatu inakosa pumzi. Inapiga mbili vizuri, inakwama kidogo, inapiga tena. Nimelala na mlio ule miaka kumi na tisa. Nimejaribu kuuzuia kwa nozeli mpya, kwa gasketi, kwa maombi, haukuacha. Wewe ndiye mteja wa Clemensi.

Dada, zima mashine. Nimekutumia na ujumbe wa simu. Mama asikae mle ndani hata saa moja. Usiniulize kwa nini, mimi ndiye fundi, mimi najua. Iuze vyuma chakavu.

Eliapenda

Dada, mimi Evelyn. Bahasha naifunga mimi, yeye yuko kazini. Muulize kifua.

*

Endabash
21 Julai 2024

Eliapenda,

Barua yako imefika jana. Basi liliharibika, mizigo ikashushwa, wakaisahau siku kumi na tisa. Ujumbe wa simu niliuona mapema: "Zima mashine, usiniulize." Ndugu yangu, nani anazima mashine ya watu kwa maneno matatu? Ningewaambia nini wenye magunia?

Nimekasirika na nakuambia kwamba nimekasirika. Nilimtuma Clemensi kwa siri nikijua nafanya jambo la upendo. Nilisema injini iliyokaa na mdogo wangu ujana wake wote isiende kwa mgeni. Nilisema akistaafu atakuja hapa, atakaa nayo, na mimi sitakuwa peke yangu. Karatasi yenye sahihi yako nimeiwekea kioo, ipo ukutani juu ya kichwa cha Mama. Anawaonyesha wateja, anasema huyu ni mwanangu.

Sasa unaniambia nizime. Karatasi inasema nzima, wewe unasema zima. Ile habari ya kuiwasha alfajiri niliisoma usiku ule ule wa Juni, na nikacheka kama ulivyoniagiza, kwa sababu nilidhani mmemchezea dalali tu, injini yenyewe si naiona inasaga. Mjinga mimi. Lakini hata sasa hujaniambia kitu. Moshi unaudhi, ndiyo, macho yanawasha. Kuna nini zaidi ya hapo?

Mama usiku anakaa wima kitandani, hawezi kujilaza. Kikohozi kimeshuka kifuani. Nimemtoa kwenye kiti mara mbili, mara mbili kanishinda, anasema hawezi kuikimbia injini ya mwanawe. Na mstari wa wifi nimeuona. Kama hujui aliandika, ujue leo.

Una nini kifuani, Eliapenda? Nijibu kama mtu mzima. Mpaka unijibu, mashine inasaga, kwa sababu sina neno la kuwaambia watu.

Elieshi

*

Mwanza
30 Julai 2024

Dada yangu,

Barua hii nimempa dereva wa watalii anayerudi Karatu kesho kupitia Serengeti na Ngorongoro. Ameniapia ataileta mpaka mlangoni kwako.

Mapafu yangu yamechakaa. Nimeandika, sasa lisomeke. Niligunduliwa Novemba mwaka jana, walipotupima sisi wote kabla ya kuchagua watu wa kozi. Daktari aliniwekea picha ya kifua kwenye taa, akaniuliza mimi ni mchoma mkaa? Nikasema ni fundi wa kivuko. Akauliza chumba cha injini kina madirisha mangapi. Nikasema halipo hata moja, na ekzosi ya ile ndogo ilitoboka zamani, nimekuwa naiziba kwa bati na waya. Akavua miwani. Alisema yaliyoharibika hayarudi, kinachowezekana ni yasiendelee. Ndiyo maana niko getini. Si kwa muda. Ngazi za nyumbani kwangu ni kumi na mbili na napumzika mara mbili, Evelyn anajifanya anatafuta funguo ili nisione haya.

Sikukuambia kwa sababu ungemwambia Mama. Sikumwambia Mama kwa sababu anapenda kusema mwanangu ni fundi mkuu. Hizo ni sababu za mtoto, najua.

Na sahihi ile, niseme yote. Nilijua imekwisha. Lakini kama ningesema mbele ya wakubwa imechoka, inavuja moshi, haifai, wangeuliza ni nani aliyeitunza. Miaka kumi na tisa nimesifiwa kwa injini zile. Nilikuwa nimeshapoteza chumba changu, nikaona nisipoteze na jina. Nikamuuzia mtu nisiyemjua kitu kinachoniua, nikalala. Kumbe nimemuuzia mama yangu.

Siwezi kulala tena, dada. Nikikohoa usiku nahesabu siku ambazo Mama amekaa pale tangu Mei. Zima injini. Mpeleke hospitali Karatu, waambie wazi ni moshi wa dizeli, wasije wakampa dawa ya mafua tu. Na ile karatasi ishushe ukutani, naomba. Waambie wateja nilichokuambia. Sina jina tena la kulinda.

Eliapenda

*

Endabash
18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Dereva wako ni mtu mwema, alinikuta kwenye mashine na foleni ndefu. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye ngazi zako kumi na mbili nilikwenda nikazima injini, mkanda bado unazunguka. Wanawake wakanitazama. Nikawaambia yote, mapafu yako na sahihi yako, kwa sauti kubwa kama ninavyosema mimi nisiyeisikia sauti yangu. Walibeba mahindi yao, mmoja akanishika mkono, wengine walikwenda wamenuna, na siwalaumu. Wamerudi kwenye punda.

Mama alilia, lakini hakulia sana. Alishusha ile karatasi mwenyewe, akaitoa kwenye kioo. Nilimpeleka Karatu siku ya pili, daktari akamsikiliza mgongo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Ametoa dawa ya kuvuta puani na mdomoni, turudi mwezi ujao. Hakusema neno baya wala neno jema. Wiki hii Mama ameweza kujilaza akalala siku tatu. Namshukuru Mungu kwa hizo tatu na naziogopa nyingine.

Sasa nisikilize. Jumatano alikuja mtu kutoka Oloipiri, mbali kwa wafugaji, anaitwa Kisioki, mtu wa heshima, amevaa shuka na koti. Amesikia kuna injini imezimwa. Kule kwao wake zao wanatembea nusu siku kusaga. Nikamwambia haiuzwi. Akauliza mbovu? Nikasema inasaga vizuri, inaua vizuri. Nikampa barua yako akaisoma pale pale kwenye benchi, polepole, kidole kwenye mstari. Akaikunja akanirudishia. Akasema pole kwa ndugu yako, lakini huyo alifungiwa ndani, sisi tutafungua madirisha. Halafu moshi upo kila boma, tumekua nao. Kisha akaomba aone ile karatasi ya fundi.

Nilimwonyesha. Ningefanyaje, Mama alikuwa ameishika mkononi. Akaisoma nayo, kidole kwenye mstari, akafurahi.

Na mimi, mdogo wangu, kwa dakika nzima nilitaka kumpa. Nikupe ukweli kwa ukweli. Bila mashine sijui Desemba itatukuta vipi, na nilijisemea kwamba nimeshamwambia, shauri yake. Ndivyo ulivyojisikia siku ile na Clemensi, sivyo? Nimekuelewa na nimeogopa.

Nimemwambia angoje. Anarudi tarehe thelathini na lori. Amesoma karatasi mbili zenye sahihi yako, moja inasema nzima, nyingine inasema inaua, na yeye ameshachagua anayoitaka. Nikiandika ya tatu itakuwa kazi bure. Karatasi haikohoi, Eliapenda.

Panda basi. Njoo ukae naye benchi moja, umwambie wewe, na asikie unavyopumua.

Dada yako,
Elieshi